Gitaa la Pili Halina Jina

Jumamosi moja ya mwaka 2019, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya rafiki yangu mtaani Section 58, mjini Nakuru, magitaa matatu yaliingia katika wimbo mmoja na hakuna hata moja lililotoka salama. Tulikuwa watu wazima watatu, wenye kazi na watoto, ambao kwa sababu tusizoweza kuzieleza vizuri hata kwa wake zetu tulikuwa tumeupenda mtindo wa flamenko wa Wahispania. Tulikuwa tumejifunza kutokana na kanda za zamani, vitabu vya kuazima na, baadaye, filamu za intaneti. Kila mmoja alikuwa amefanya mazoezi peke yake kwa miezi mingi, na kila mmoja alikuwa na mikogo yake aliyoipenda. Binamu ya mmoja wetu alikuwa akioa, nasi tulikuwa tumeahidi kutumbuiza. Zilikuwa zimebaki siku 14.

Tulianza vizuri. Kwa muda wa nusu dakika hivi ungedhani tunajua tunalofanya. Kisha wa kwanza akaingiza mbio za vidole alizokuwa amezifanyia mazoezi tangu Januari, wa pili akaona asipojibu ataonekana mnyonge, nami, nikiri, nikazidisha mkono wa kulia kwa nguvu zote ili nisimezwe. Hatukusikia hata mahali tulipopoteana. Tulifika mwisho kila mmoja kwa wakati wake, kama abiria walioshuka katika matatu tofauti.

Mlangoni alikuwa amesimama mzee mmoja, jirani wa mwenyeji wetu, fundi wa redio aliyekuwa amepita miaka 70. Nilimjua kwa sura tu. Hakutusifu wala hakutucheka.

"Vijana," alisema (nilikuwa na miaka 46 lakini mbele yake nilistahili jina hilo), "hapa naona wachumba watatu. Mshenga ni nani?"

Tukatazamana. Mwenyeji wetu akamkaribisha kiti. "Mzee, unapiga gitaa?"

"Nilikuwa napiga la pili," alijibu, akaketi.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba katika miaka ya 1970 na ya 1980 mzee huyo alikuwa amepiga gitaa la ridhimu katika bendi za benga zilizotumbuiza kwenye mabaa ya barabara kuu, kuanzia Naivasha, Gilgil na Nakuru hadi Molo na kwendelea mpaka Eldoret. Bonde la Ufa la kati lilikuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mashamba makubwa yaliyoizunguka yakawavuta wafanyakazi wa kila kabila. Bendi iliyotaka kula ilibidi iweze kumchezesha Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo na Mkalenjin katika usiku mmoja. Waimbaji waliweza kubadilishwa kulingana na wateja. Mtu wa ridhimu, alituambia mzee, alibaki yeye yule mpaka alfajiri, akibadilisha mkono tu.

Naomba msomaji aniwie radhi nieleze kidogo jinsi flamenko inavyofanya kazi, maana pasipo hilo hataona kwa nini swali la mzee lilitukata maini. Wengi wetu tunaposikia neno hilo tunamfikiria mtu mmoja kitini, gitaa mapajani, vidole vikienda mbio. Picha hiyo ni ya juzi. Kwa muda mrefu kazi ya mpiga gitaa katika Andalusia ilikuwa kumfuata mwimbaji na mchezaji ngoma: kumwekea sauti ya kusimamia, kumngojea anapovuta pumzi, kumjibu anaponyamaza. Watu kama Ramón Montoya, aliyefariki mwaka 1949, ndio waliolipandisha gitaa hilo jukwaani likasikika peke yake. Hata Paco de Lucía, ambaye dunia nzima ilimjua kama bingwa wa mbio za vidole mpaka alipofariki mwaka 2014, alikua akimfuata mwimbaji, na katika rekodi zake nyingi gitaa la pili lilipigwa na kaka yake, Ramón de Algeciras. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kulitaja jina la huyo kaka?

Aidha, chini ya yote kuna hesabu. Nyimbo za jamii ya solea na buleria huzunguka kwa mapigo 12, na uzito huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Mtu akizipiga kofi atasikia hatua mbili ndefu zikifuatwa na hatua tatu fupi, kisha mzunguko unaanza upya. Katika kikao cha flamenko wapo watu ambao kazi yao ni hiyo tu, kupiga makofi, na hawadharauliwi hata kidogo. Mpiga gitaa anaweza kufanya maajabu yoyote ndani ya mzunguko huo, lakini akikosa kurudi nyumbani kwa wakati, wote watajua. Sisi watatu tulikuwa tumejifunza maajabu. Nyumbani kwenyewe hatukuwa tumepajenga.

Mzee hakuwa amewahi kusikia neno flamenko, ila hesabu ile aliishika jioni hiyo hiyo. Alitwambia tuweke magitaa chini. Kwa jioni tatu tulipiga makofi tu, tukiwa tumekaa kama watoto wa nasari, yeye akigonga meza kwa fundo za vidole. Jioni ya nne alimpa mmoja wetu gitaa, akamruhusu sauti mbili tu na pigo la besi. "Usijaze," alikuwa akimkanya kila mara. "Acha mlango wazi, mwenzako apite." Rafiki yangu huyo, mwalimu wa hisabati, baadaye aliniambia kwamba hakuna jambo gumu zaidi alilowahi kufanya na nyuzi sita kuliko kutozigusa.

Siku moja mwenyeji wetu alitoa mkobani kibanio cha chuma alichokinunua Nairobi kwa fedha nyingi, kile cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa ili sauti ipande. Wahispania hukitumia sana, na magitaa mawili yanapokutana kinakuwa na faida ya pekee. Mmoja hupiga kwa mpangilio wa vidole wa A bila kibanio, mwenzake akabana freti ya 5 na kupiga kwa mpangilio wa E. Sauti inakuwa moja, ila kila mkono una njia yake na nyuzi zake zinazolia wazi, kwa hiyo hawakanyagani. Mzee alikitazama kile kibanio akacheka. Wao walikuwa wakifunga kalamu ya risasi kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kazi ilikuwa ile ile: mmoja chini, mmoja juu, na katikati pengo la mwimbaji.

Wapo watakaoniuliza, wala si mara ya kwanza, ya nini sisi wana wa Nakuru kuhangaika na muziki wa Wahispania ilhali tuna wetu. Swali ni halali. Ila wanaouliza husahau jinsi huo wetu ulivyopatikana. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, akawakuta wakiimba juu ya kiumbe wakimwitacho Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko pamoja na gramafoni. Wale wasichana na vijana hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Walilichukua jina, wakalitia katika muziki wao na nyuzi za kinanda chao cha kienyeji, wakalifanya lao.

Na gitaa letu lenyewe lilikuja kwa safari za namna hiyo hiyo. Fundi Konde wa pwani, mmoja wa waanzilishi wa gitaa la kisasa nchini, alitumikia kikosi cha burudani cha jeshi huko Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa na huyo huyo Tracey mwaka 1952, alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapigaji wetu wakamsikiliza mpaka vidole vikauma. Anayeusikia "Masanga" mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili: kidole gumba kinakwenda njia yake, cha shahada njia yake. George Mukabi wa Kisa, aliyeuawa mwaka 1963, aliupa mtindo huo sura ya Kiluhya ulioitwa omutibo, na pembeni mwa gitaa mwenzake alikwaruza chupa ya soda yenye mistari. Chupa hiyo ilifanya kazi ile ile ya makofi ya Andalusia. Tena ngazi ya sauti ya flamenko haitamshangaza mpenzi wa taarabu, kwa kuwa Andalusia ilikaa chini ya watawala Waislamu kwa karne nyingi na udi ulipigwa huko kabla ya gitaa. Mzee alipotusikia mara ya pili alituuliza kama tunapiga nyimbo za Mombasa.

Hata hivyo, sikukusudia leo kutetea flamenko. Itajitetea.

Nilichokusudia ni santuri moja. Miezi kadhaa baada ya ile arusi (iliyopita salama, asanteni, bibi mmoja wa upande wa biarusi, mzaliwa wa Mombasa, aliyashika yale mapigo 12 kwa makofi kabla hatujamaliza mzunguko wa pili, bila shaka kwa sababu ya chakacha alizocheza ujanani) mzee alitualika kwake. Alituonyesha santuri ndogo ya dakika chache kila upande, ganda lake limeliwa na mende. Alikuwa amepiga ndani yake. Tuliiweka kwenye mashine yake mwenyewe, aliyoitengeneza kwa vipuri vya mashine tatu, tukasikiliza. Sauti za waimbaji zilipokoma na magitaa yakachukua nafasi, kama ilivyo desturi ya benga, niliweza kwa mara ya kwanza kumsikia: chini ya lile gitaa la solo lililokuwa likimetameta, mkono mmoja mkavu, usiochoka, ukigonga na kuacha, ukigonga na kuacha. Nilijaribu kuliondoa gitaa hilo akilini. Wimbo mzima ulianguka.

Nikaigeuza santuri nisome karatasi ya katikati. Palikuwa na jina la wimbo, jina la mtunzi, na jina la kiongozi likifuatwa na maneno "na bendi yake".

"Mimi hapo ni 'yake'," alisema mzee.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi. Lakini mimi nililala nalo. Alikuwa amelipwa mara moja, siku ya kurekodi, na kiasi hicho kilitosha nauli na unga. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mtumbuizaji pia, si mtunzi peke yake, na sina ugomvi nayo. Ila sheria haiwezi kumlipa mtu asiye na jina. Mtu ambaye hakuandikwa popote atathibitishaje kwamba mkono ule ni wake? Atawaita mashahidi gani, ilhali wenzake wengi wako kaburini na baa lenyewe sasa ni duka la simu?

Fedha ni upande mmoja. Upande wa pili unanihuzunisha zaidi. Vijana wengi ninaokutana nao Nakuru wakibeba magitaa wanajua solo. Ukimwomba mmoja akupigie benga, atakupigia ile mbio ya juu ya D. O. Misiani au ya mwingine yeyote aliyemsikia kwenye simu yake, tena kwa ustadi wa kutia wivu. Mwombe akupigie kilichokuwa chini yake. Atakuambia, "Ah, hiyo ni ridhimu tu." Nimelisikia hilo "tu" mara nyingi mno. Ndilo linalotufanya tukutane vijana watano wenye magitaa matano na tusipate wimbo mmoja. Hatuna uhaba wa wapigaji. Kila mtu amejifunza nafasi ile ile moja.

Siwalaumu vijana. Jina la solo liliandikwa, likatangazwa redioni, likapata wanafunzi. La pili halikuandikwa, na kisichoandikwa hakina mwanafunzi. Wala simdharau mpiga solo. Nimejaribu kuwa mmoja wao kwa miaka 20 na ninajua gharama yake. Mwaka 1980, Paco de Lucía alipokuwa akizunguka na John McLaughlin na Al Di Meola, watatu hao wakarekodiwa San Francisco usiku wa Desemba 5, na kwa miaka mingi wapenzi wa gitaa wameisikiliza rekodi hiyo kama pambano la nani ana kasi zaidi. Mimi pia niliisikiliza hivyo. Siku hizi naisikiliza kwa kumfuata yule ambaye si zamu yake. Mmoja anaporuka angani, kuna mwenziwe aliyerudi chini akashika mapigo, na dakika chache baadaye wanabadilishana. Mabingwa wa dunia hawakuona haya kuwa wa pili kwa zamu. Katika chumba kile cha Section 58 sisi tuliona haya.

Basi maoni yangu ni haya, na anayeona ni madogo ana haki. Wale wanaofundisha gitaa katika miji yetu, na ninajua wengi wao hufundisha sebuleni kwa ada ya kuhurumiana, wamwanzishe mwanafunzi na la pili na wasimpe la kwanza mpaka aweze kumbeba mwenzake kwa wimbo mzima bila kukimbia. Watangazaji wa redio wanaopiga zilizopendwa kila Jumapili wajaribu kuuliza hewani: ridhimu hapa ni nani, besi ni nani? Wasikilizaji watapiga simu, kwa kuwa wajane na watoto wa wapigaji hao bado wako Bondeni, Kaptembwo, Njoro na Molo. Na yeyote mwenye santuri za babake achukue kalamu aandike kwenye ganda majina anayoyakumbuka, leo.

Jambo hili la majina si la mapambo. Tracey, pamoja na yote yanayoweza kusemwa juu ya mzungu aliyekuja na mashine yake enzi za ukoloni, alikuwa na tabia moja nzuri: aliandika nani aliimba na wapi. Kwa sababu hiyo, zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954 iliporudisha nakala za nyimbo zile Kapkatet, watu waliohusika na jamaa zao waliweza kutafutwa. Kulikuwa na jina la kuulizia. Kwa bendi nyingi zilizorekodi katika miaka ya 1970, miongo miwili baada yake na katika nchi huru, hakuna.

Mzee alifariki Agosti 2023. Mazishini wanawe walisoma kwamba alikuwa fundi hodari wa redio na mcha Mungu, yote mawili ni kweli. Gitaa halikutajwa. Nilisimama nyuma na wenzangu wawili, na hatukuwa na la kuongeza kwa kuwa hatukuwa jamaa.

Tulikuwa tumemrekodi kwa simu mara tatu, bila mpango, kama mtu anavyopiga picha ya chakula. Katika mara hizo tatu yumo wimbo wa ile santuri, akiupiga ridhimu peke yake, taratibu, akituonyesha. Sehemu ya kwanza iko kamili. Ya pili iko kamili, ila mtoto analia chumba cha pili. Sehemu ya tatu, pale sauti zinapokoma na magitaa yanapoachiwa, mkono wake unaanza kubadilika, unapiga kama mizunguko minne, kisha simu yangu inaisha moto.

Tumejaribu kuitoa kwenye santuri kwa masikio. Solo imeifunika, mende wamekula kilichobaki. Mwalimu wa hisabati anadai kwamba katika sehemu hiyo mzee alikuwa akiliacha pigo la kwanza na kuingia katika la pili. Mimi nasema aliingia katika la tatu. Tumebishana juu ya hilo Jumamosi nyingi. Mwezi jana tukasikia kwamba aliyekuwa akipiga besi katika bendi hiyo yu hai, anakaa upande wa Molo, haoni vizuri lakini anakumbuka. Tunakwenda Jumamosi ijayo. Simu nimeichaji, na kalamu ninayo.